Jinsi ya kumkagua mtu anayekwambia "babu zetu walikataa kodi"

Siku hizi kila harakati ya kupinga kodi lazima ije na babu yake. Wamarekani ndo mabingwa wa hii kitu, 2009 wakaibuka watu wanajiita Tea Party, jina limechukuliwa moja kwa moja kwenye ule usiku wa Boston wa 1773, Marekani ikiwa bado koloni la Uingereza, watu walipomwaga shehena ya chai baharini, wengine wakaingia barabarani na kofia za pembe tatu za zama hizo kama vile wametoka kwenye maigizo ya shule. Nitatumia hao hao kuonyesha unavyokagua ukoo wa harakati kama hii bila digrii ya historia, maana klipu zao bado zinazunguka na kuna ndugu zetu wanazifowadi kama zilivyo.

Usianze na kauli mbiu, anza na bei. Wengi wanadhani waliomwaga chai baharini walikuwa wamepandishiwa kodi. Wapi! Sheria ya Chai ya 1773 ilishusha bei. Kampuni ya East India ya Waingereza ilikuwa hoi kifedha na maghala yamejaa, Bunge la Uingereza likairuhusu ipeleke chai Marekani yenyewe bila kupitia minada ya London, ikarudishiwa na ushuru iliolipa Uingereza, halafu ule ushuru wa peni 3 kwa ratili uliokuwa unatozwa Marekani tangu 1767 ukaachwa palepale. Sasa jiulize nani anaumia chai halali ikishuka bei: wauza chai ya magendo ya Waholanzi, na wafanyabiashara ambao hawakuteuliwa kuwa mawakala wa kampuni. Mawakala wa Boston wenyewe, wawili walikuwa watoto wa Hutchinson, gavana wa koloni lenyewe. Hapo hata mimi ningenuna.

Ukimaliza bei ndo urudi kwenye kauli mbiu, na uisome mpaka mwisho. "Hakuna kodi bila uwakilishi", watu wanaishia kwenye "hakuna kodi", nusu ya pili wanaimeza. Watu wa 1773 hawakuwa na mbunge hata mmoja London. Wa 2009 walikuwa na wabunge, maseneta, na miezi michache nyuma walikuwa wamepiga kura, upande wao ukashindwa, sio kesi moja hiyo.

Halafu kuna swali ambalo mimi nalipenda kuliko yote: hao babu walipopata serikali yao wenyewe walifanyaje? Walitoza kodi. 1791 wakaweka ushuru kwenye wiski, wakulima wa magharibi mwa Pennsylvania wakagoma mpaka wakachoma nyumba ya mkusanya kodi, na 1794 George Washington akakusanya jeshi la watu karibu 13,000 akapanda farasi mwenyewe kwenda kuwatuliza. Mtu akikutajia Washington kwenye mambo ya kukataa kodi mwulize kuhusu wiski, ukae umtazame.

Kagua na cheche ya leo ilitoka wapi. Tea Party inahesabiwa kuanzia tarehe 19 Februari 2009, mtangazaji Rick Santelli wa CNBC, televisheni ya habari za biashara, akiwa kwenye soko la mitaji Chicago alifoka laivu, na alichokuwa anafokea ni serikali kusaidia watu walioshindwa kulipa mikopo ya nyumba, wala sio kodi kupanda. Siku mbili kabla Obama alikuwa amesaini sheria yenye punguzo la kodi, hadi dola 400 kwa mfanyakazi. Kwa hiyo mara zote mbili, 1773 na 2009, kelele zimepigwa wakati mlipaji wa kawaida anapunguziwa! Siwaonei lakini, hasira ya mabenki kuokolewa na deni la taifa kupaa ilikuwa ya kweli, ila "chama cha kuchukia mikopo ya jirani" haliuziki kwenye tisheti.

Ukiweza sogea karibu kabisa na tukio lenyewe. Meli tatu, makasha 342, mashoka, kama masaa matatu hivi, na maji yalikuwa yamekupwa kwahiyo chai ikarundikana kando ya meli mpaka ikabidi waisukumesukume isije ikaokotwa. Kufuli moja la nahodha lilivunjwa, wakamletea jingine. Watu wanaojali kufuli la mtu hawakuwa wanachukia sheria zote, na picha hiyo huikuti kwenye mabango.

La mwisho, tafuta mrithi ambaye hajaalikwa kwenye sherehe. Wakazi wa Washington DC wanalipa kodi zote za serikali kuu, na mjumbe wao kwenye Baraza la Wawakilishi haruhusiwi kupiga kura ya mwisho kwenye miswada, Seneti ndo hawana mtu kabisa. Tangu 2000 plate namba za magari yao zimeandikwa ile kauli ya kutozwa kodi bila uwakilishi. Hao kofia za pembe tatu hawana, wana plate namba tu, wanapita nazo mbele ya Bunge kila asubuhi kwenye foleni.