Namna ya kusoma majibu ya homoni ya ukuaji ukihisiwa una uvimbe wa pituitari

Kama daktari anahisi una uvimbe kwenye tezi ya pituitari (kitezi kidogo chini ya ubongo) unaotoa homoni ya ukuaji, usikimbilie kupima homoni yenyewe mara moja asubuhi afu ukajipa moyo kwamba uko fresh. Hii homoni hata kwa mtu asiye na tatizo inatoka kwa mawimbi, ukilala inapanda, ukifanya mazoezi inapanda, ukifunga inapanda, na kwenye damu haikai, ndani ya dakika kama 20 nusu yake ishapotea. Kwahiyo namba moja tu haikwambii kitu.

Anza na IGF-1, homoni nyingine inayopimwa kwenye damu. Hii inatengenezwa sanasana na ini baada ya kusukumwa na homoni ya ukuaji, na haipandi na kushuka ovyo kutwa nzima, ndo maana inaaminika zaidi. Majibu yakitoka cheki kwanza kama kiwango cha kawaida walichoandika pembeni ni cha umri wako, maana kijana aliyebalehe anakuwa nayo juu sana kiasili kuliko mzee. Ini bovu, lishe duni, kisukari kilichochachamaa na vidonge vyenye estrojeni vinaweza kuishusha ukaonekana mzima kumbe sivyo, yataje yote kabla hujatoa damu.

Ikitoka juu kidogo na haieleweki, ndo kinakuja kipimo cha glukosi, na hapa ndo uvimbe unaumbuka. Unalala bila kula, asubuhi wanatoa damu ya kwanza, unakunywa glukosi gramu 75 kwenye maji (tamu hadi kichefuchefu, jikaze), afu damu tena kila nusu saa mpaka masaa mawili yaishe. Kwa kawaida sukari ikipanda pituitari inanyamaza, homoni inashuka chini ya mikrogramu 1 kwa lita, na kwa mashine za sasa zenye kuona vidogo wengi wanataka chini ya 0.4. Uvimbe hausikii. Homoni inabaki palepale juu, na kwa wengine ndo kwanza inapanda! Mwenye kisukari asiingie kwenye hiki kipimo bila daktari kuridhia.

Mbona hausikii? Kwa wagonjwa kama 40% hivi kuna mabadiliko kwenye jeni inayoitwa GNAS, ni kama swichi imekwama kwenye kuwaka, seli inazalisha homoni na kugawanyika kana kwamba amri inatoka kwenye ubongo muda wote wakati hakuna aliyeiamuru. Hayo mabadiliko yako ndani ya uvimbe tu, hujayarithi wala humpi mtoto.

Omba na prolaktini (homoni ya kutengeneza maziwa) ipimwe humohumo, maana kuna uvimbe unaotoa zote mbili. Baada ya hapo ni MRI (picha ya ndani ya kichwa), uvimbe wa chini ya milimita 10 unahesabiwa mdogo, ila usipime ukali wa ugonjwa kwa ukubwa, mdogo unaweza kumwaga homoni kibao.

Ukishafanyiwa upasuaji, IGF-1 inachelewa kutulia, subiri kama wiki 12 ndo uiamini. Na ukiwekwa kwenye sindano za pegvisomant achana kabisa na namba ya homoni ya ukuaji, dawa hiyo inaziba tu mlango wa seli, homoni yenyewe itabaki juu au hata kuongezeka, unafuatilia IGF-1 peke yake.