Mfungue perege, umwone anavyoishi majini

Nawaandikia walimu wenzangu wa baiolojia hapa Iringa, na mzazi yeyote mwenye mtoto mdadisi. Mchoro wa ubaoni hautoshi. Nenda Soko Kuu asubuhi, nunua perege wa Mtera, na mwambie muuzaji asimpare wala asimpasue.

Kabla ya kushika kisu, mpapase. Kutoka kichwani kwenda mkiani mkono unateleza. Ukirudi kinyume, magamba yanakwaruza. Yamelaliana kama vigae, na ute ulio juu yake humsaidia kupenya maji bila kukwama. Angalia tu miiba ya pezi la mgongoni, inachoma kwelikweli. Sasa mwinamishe kwenye mwanga wa dirisha utafute mstari wa vitundu ubavuni. Kwa huo anahisi maji yakitikisika hata gizani. Wa perege umekatika vipande viwili, cha mbele juu, cha nyuma chini kidogo.

Kwenye matamvua usiharakishe. Inua kifuniko cha shavu, kata tao moja kwa mkasi juu na chini, ulishike hewani. Vijinyuzi vyake vyekundu vinagandana kama nywele zilizolowa. Litumbukize kwenye bakuli la maji safi: vinachanua, kimoja kimoja. Maji huingia mdomoni na kutokea hapo, na damu iliyo ndani ya vijinyuzi huchukua oksijeni. Vikigandana, hiyo oksijeni haina pa kupitia pa kutosha, ndiyo maana samaki aliyevuliwa anakufa huku hewa imemzunguka. Nilifundisha miaka mitatu kabla ya kuliona hili kwa macho yangu, na siku hiyo niliita kila aliyekuwa karibu aje atazame.

Kisha pasua tumbo kuanzia kwenye tundu la haja, ncha ya kisu juu juu, utoe utumbo. Chini ya uti wa mgongo kuna kibofu cha hewa. Kibonyeze kwa kidole, kinadunda. Ndicho kinachomwezesha kutulia katikati ya maji bila kuzama. Wauza sangara kule Mwanza wanakiita bondo.

Ukipata na kambale, mlaze kando ya perege. Hana magamba, ni ute mtupu. Fungua shavu lake: juu ya matamvua utakuta kitu chekundu chenye matawi kama kijiti. Hicho humwezesha kuvuta hewa ya juu, ndiyo maana sokoni unamkuta angali anafurukuta kwenye beseni kavu, perege wote wameshakufa.