Namna ya Kuchagua Chuo cha Ufundi: Mwongozo kwa Vijana na Wazazi wa Mtwara na Lindi

Kijana aliyemaliza kidato cha nne Tandahimba au Nachingwea huulizwa kwanza anataka chuo gani, ilhali swali linalopaswa kutangulia ni kazi gani anataka kuifanya, kwa kuwa chuo kimoja huweza kuwa na walimu hodari wa umeme na karakana dhaifu ya magari. Chagua fani kwanza, kisha utafute chuo.

Katika kuchagua fani, jina lisikuvute. Gesi ya Songo Songo wilayani Kilwa iligunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay mwaka 1982, na tangu bomba la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lianze kazi mwaka 2015, vijana wengi wamezitamani kozi zenye neno "gesi". Shauku hiyo ina sababu, lakini mitambo ya gesi ikishakamilika huendeshwa na watu wachache. Kwa maoni yangu, stadi za msingi kama uchomeleaji, umeme wa viwandani na ufundi mitambo ndizo zinazomfaa zaidi kijana wa huku, maana mchomeleaji mzuri huhitajika kiwanda cha saruji, bandarini na kwenye viwanda vya kubangua korosho, na asipoajiriwa anaweza kufungua karakana yake Masasi akatengeneza mageti na madirisha.

Ngazi za masomo ni za namna mbili. Vyuo vya ufundi stadi, vikiwemo vya VETA, yaani mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, hutoa vyeti vya taifa vya ufundi stadi (NVA) ngazi ya 1 hadi 3, na baadhi ya fani hupokea hata waliomaliza darasa la saba. Vyuo vya elimu ya ufundi hutoa astashahada na stashahada, yaani ngazi ya 4 hadi 6 ya tuzo za taifa za elimu ya ufundi (NTA), na ili kuanza ngazi ya 4 kwa kawaida huhitajika ufaulu wa masomo manne katika mtihani wa kidato cha nne, bila kuhesabu masomo ya dini. Fundi ambaye tayari amejifunzia gereji au mtaani aulizie VETA mpango wa urasimishaji ujuzi, ambao humpima kwa kazi anayoijua na kumpa cheti.

Kabla ya kulipa chochote, hakikisha chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, na kwamba fani unayoitaka inatambuliwa, kisha nenda ukaione karakana siku ya mafunzo. Usiridhike na mashine zilizopangwa vizuri. Mashine ya kukereza vyuma inayotumika huwa na chenga za chuma chini yake na mafuta ambayo hayajakauka kwenye reli, yaani njia ambazo sehemu zake hutelezea. Yenye vumbi juu ya reli hizo haijaguswa muda mrefu. Kwenye meza za uchomeleaji tafuta vipande vya vijiti vya kuchomelea vilivyokwisha na vyuma vya mazoezi vilivyounganishwa vibaya na vizuri, halafu uhesabu wanafunzi wangapi wanagawana mashine moja. Waulize wenyewe hushika kifaa mara ngapi kwa wiki.

Nyaraka ndizo zinazowachelewesha wengi. Linganisha majina yaliyo kwenye cheti cha kuzaliwa na yaliyo kwenye cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi, kwa sababu mtoto aliyeandikishwa shule kwa jina la babu na kupewa cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, kwa jina la baba ataulizwa siku ya usajili. Tofauti ikiwepo, shughulikieni hati ya kiapo mapema.

Kuhusu ada, mzazi mwenye mikorosho atenge fedha katika malipo ya minada ya kwanza, Oktoba au Novemba, maana vyuo vingi vya ufundi stadi hufungua Januari na wakati huo fedha ya msimu imeshapata matumizi mengine. Ulizeni pia gharama zisizo ndani ya ada: ovaroli, viatu vya usalama, vifaa vya fani na bima ya afya.

Ukishajiunga, anza mapema kutafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Chukua barua ya utambulisho chuoni, uipeleke mwenyewe kwa waajiri zaidi ya mmoja, na uombe msimamizi wako asaini daftari la kumbukumbu kila wiki, kwa kuwa saini zinazokusanywa siku ya mwisho hazimwoneshi mkufunzi wala mwajiri kazi uliyoifanya.