Pumu ya ngozi: mafuta kwanza, dawa kwa kipimo

Pumu ya ngozi, ambayo pia huitwa ukurutu, haiambukizi, na inaumiza kuona mtoto akitengwa na wenzake kwa sababu yake. Asili yake ni ngozi ambayo, mara nyingi kwa kurithi, haiwezi kutunza unyevu wake, hivyo hukauka, hupitisha vitu vinavyoiudhi na kuanza kuwasha. Mgonjwa akijikuna huichubua zaidi, na muwasho huzidi. Kwenye ngozi nyeusi, mabaka huweza kuwa ya kijivu au meusi zaidi badala ya mekundu, ndiyo maana wengi huchelewa kuyatambua.

Msingi wa tiba ni mafuta. Oga kwa maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10, jikaushe kwa taulo bila kusugua, kisha jipake mafuta mazito yasiyo na manukato, kama mafuta ya mgando, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Fanya hivyo angalau mara 2 kwa siku, hata ngozi inapoonekana imepona. Kosa kubwa ni kupaka kidogo mno: mtu mzima ambaye ugonjwa umemwenea mwilini huweza kuhitaji gramu 500 kwa wiki.

Ugonjwa unapopamba moto, mafuta peke yake hayatoshi, na hapo daktari huandika krimu ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi. Dawa iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi pingili ya kwanza hutosha eneo la viganja vyake viwili. Wapo wanaoiogopa wakaiacha mapema, na wapo wanaojinunulia krimu kali ya steroidi, kama klobetasoli, wakaipaka usoni kwa miezi hadi ngozi ikawa nyembamba. Wote wawili hujidhuru.

Vichochezi hutofautiana: jasho, nguo za sufu, sabuni kali, manukato, vumbi, hewa kavu, msongo wa mawazo. Andika kila ngozi inapochafuka na ulichokigusa kabla yake, lakini usimkatize mtoto maziwa au mayai kwa kubahatisha, kwani lishe yake huweza kudhoofika.

Ukiona usaha, magamba ya rangi ya asali, homa, au malengelenge yenye maumivu yanayoenea haraka, nenda hospitali siku hiyohiyo.