Protini ya mimea kwenye chakula cha samoni, usiangalie asilimia tu

Unga wa samaki ukipanda bei wafugaji wengi wanakimbilia soya, na siwalaumu, hata Norwei mwaka 1990 karibu asilimia 90 ya malighafi za chakula cha samoni zilitoka baharini na kufikia 2013 zilikuwa zimeshuka hadi kama 30 hivi, zilizobaki karibu zote mimea. Kwahiyo inawezekana kabisa. Ila samoni ni mla nyama jamani, tumbo lake halijazoea mashudu.

Mashudu ya soya ya kawaida ndo yanayoumiza. Yana saponini, kemikali ya asili ya soya, na hiyo kitu haitoki kwa kupika, moto unamaliza vile vizuizi vya tripsini tu (vinavyozuia kimeng'enya cha kusaga protini). Ikifika utumbo wa nyuma inaleta uvimbe, yale makunyanzi ya ndani ambayo samaki mzima anayo marefu na membamba yanafupika yanakuwa manene, virutubisho havifyonzwi vizuri na samaki anadumaa huku anakula. Kwa macho ni ngumu kuona, chukua kipande cha utumbo wa nyuma kwa samaki aliyetoka kuuawa, tia kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhia) upeleke maabara. Bahati nzuri ukiyatoa mashudu utumbo unapona ndani ya wiki chache.

Mimi nashauri soya iliyosafishwa kwa alkoholi. Saponini nyingi inaondoka, na zile sukari ambazo samaki hawezi kuzisaga nazo zinaondoka, protini inapanda mpaka 60 na kitu. Bei iko juu kuliko mashudu ndio, lakini piga hesabu kwa kilo ya samaki uliyovuna, sio kwa mfuko wa chakula.

Alafu usitegemee mmea mmoja. Soya ina methionini kidogo (moja ya amino asidi, yaani vijenzi vya protini), gluteni, ile protini ya ngano, inasagika vizuri sana ila lisini yake, amino asidi nyingine, ni ndogo, so unachanganya na pengo unalijazia kwa amino asidi za kiwandani. Fosforasi ya mimea nayo imefungwa kwenye fitati, kemikali ambayo samaki hawezi kuisaga, kimeng'enya cha fitesi kinaifungua ila kipulizwe baada ya tembe za chakula kutoka kwenye mashine, ukikitia kabla joto linakiua.

Badilisha taratibu, hasa kwa wadogo, na kama wanatema tembe ongeza kidogo unga wa krili (viumbe wadogo wa baharini kama kamba) maana ladha ya mimea hawaipendi. Mafuta je? EPA na DHA, zile omega-3 za baharini, hazimo kwenye soya wala ngano, ukipunguza unga wa samaki umezipunguza pia, rudishia kwa mafuta ya samaki au ya mwani.