Lione shamba lako kutoka juu kabla ya kuchimba makinga maji

Kiangazi ndio wakati wa kuchimba makinga maji, yale matuta na mitaro inayokatisha mteremko ili kupunguza kasi ya maji, na kila mwaka naona kosa lilelile. Mkulima anachukua jembe na sururu, anaanza pale korongo lilipomfikia, chini kabisa ya shamba, mahali ambapo maji yameshakuwa mengi na yana nguvu. Mvua kubwa ya kwanza ya Desemba inabomoa kazi ya wiki mbili kwa usiku mmoja. Si kwamba hakujituma. Akiwa amesimama shambani kwake haoni maji yanakoanzia. Mteremko ulio juu yake umefichwa na vichaka, na mbaazi za jirani, na mgongo wa kilima.

Kutoka juu yote hayo yanaonekana. Ndiyo maana naomba kila kikundi cha wakulima kwenye ardhi ya miteremko kiwe na picha ya anga ya bonde lake, iliyochapwa kwenye karatasi kubwa, kabla ya jembe la kwanza kushuka.

Nazungumza hasa na vijiji vya vilima vya Kondoa, ambako hakuna haja ya kumweleza mtu korongo ni nini. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ule ambao wazee bado wanauita HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye vilima vya Irangi kwa sababu udongo ulikuwa unakwisha. Miti na majani vikarudi. Wazee walioona hali ya kabla na ya baada wanaijua ardhi hii vizuri kuliko picha yoyote, na kazi ya picha ni kuwapa mahali pa kuwekea kidole wanapoeleza.

Programu ninayoitumia kupata picha hiyo ni Google Earth. Iko ya kwenye simu janja, iko ya kufungua moja kwa moja kwenye intaneti, na iko ya kuweka kwenye kompyuta iitwayo Google Earth Pro, ambayo tangu mwaka 2015 haina malipo. Kwa kuchapa, tumia hiyo ya kompyuta. Kama kikundi hakina kompyuta, muoneni afisa ugani wa kata, au nendeni steshenari yenye intaneti na mkae pembeni ya kijana wa pale mkimwelekeza. Msimwachie peke yake, kwani yeye hajui lambo lenu liko wapi.

Usitafute kwa kuandika jina la kijiji tu. Majina mengi ya vijiji vyetu yameandikwa tofauti, au alama imewekwa mbali na kijiji chenyewe. Anza na barabara kubwa unayoijua, fuata hadi paa la bati la shule, kisha shuka kwa njia unayopita kila siku. Njia nyingine ni kusimama katikati ya shamba na simu, kufungua Google Maps, kubonyeza kwa muda ile nukta ya buluu inayoonyesha ulipo, na kuandika namba mbili zinazotokea. Anga likiwa wazi, simu ya kawaida hukosea mita chache tu. Angalia alama ya kutoa kwenye namba ya kwanza, maana sisi tuko kusini ya ikweta. Mji wa Kondoa uko karibu na -4.9, 35.8. Ukiisahau hiyo alama utapelekwa karibu na ncha ya kaskazini ya Ziwa Turkana.

Ukishalipata bonde lako, soma tarehe iliyo chini ya picha. Hii si kamera inayokuonyesha shamba lilivyo leo. Ni picha iliyopigwa na setilaiti siku fulani, pengine mwaka jana, pengine miaka kadhaa iliyopita. Kwa kazi ya makinga maji tafuta iliyopigwa kati ya Agosti na Oktoba. Mazao yameshavunwa, majani yamekauka, ardhi iko wazi, na kila njia ya maji inaonekana kama mshipa kwenye mkono wa mzee. Picha ya Machi inapendeza kwa kijani chake, lakini mahindi yamefunika kila kitu unachokitafuta.

Juu ya dirisha kuna alama ya saa. Ukiibonyeza unapata picha za miaka ya nyuma za eneo hilohilo, na hapa ndipo programu hii inapokuwa na thamani kubwa kwetu. Fungua ya zamani kabisa inayosomeka, kisha ya karibuni kabisa, uangalie kichwa cha korongo kimepanda kiasi gani. Tumia alama ya rula, lakini pima kutoka kwenye kitu kilichoonekana ndani ya picha zote mbili, kama mbuyu au kona ya nyumba. Usipime kutoka kwenye kipini ulichokichomeka mwenyewe, kwa sababu picha za miaka tofauti hazikai juu ya nyingine sawasawa. Zinaweza kupishana kwa mita kadhaa, ukadhani korongo limehama kumbe ni picha iliyosogea. Tuseme mwaka wa zamani kichwa kilikuwa mita 60 chini ya mbuyu, na sasa ni mita 38. Korongo limekula mita 22. Mpe mkulima namba hiyo na idadi ya miaka, atajua mwenyewe limebakiza misimu mingapi kulifikia zizi lake.

Rula hiyohiyo hupima eneo. Zungushia shamba pointi kwa pointi, chagua ekari, usome. Wengi wetu tunapima ekari kwa hatua 70 kwa 70, na hatua za watu hazilingani. Mwenye hatua ya sentimita 90 anapata mita 63 kila upande, karibu kabisa na ekari kamili ya mita za mraba 4,047. Mwenye hatua ya sentimita 75 anapata mita 52 na nusu, na alichokiita ekari ni theluthi mbili tu na kidogo. Akimwaga humo mbegu na mbolea zilizopimwa kwa ekari moja, anatupa theluthi ya fedha yake.

Sasa mteremko. Chora mstari kutoka juu ya kilima kushuka hadi korongoni, bonyeza mstari huo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uombe umbo la mwinuko. Utaona mchoro wa kupanda na kushuka pamoja na mita zake. Ukishuka mita 12 ndani ya mita 100, mteremko ni asilimia 12. Kanuni iliyotumika miaka mingi Kenya inasema: gawa asilimia ya mteremko kwa 4, ongeza 2, zidisha kwa 0.3, unapata mita za kushuka kati ya kinga moja na inayofuata. Kwa asilimia 12 ni mita 1.5 za kushuka, sawa na umbali wa mita 12 na nusu ukipima kwa usawa. Kwa hiyo kwenye karatasi unaweza kuhesabu shamba lako linahitaji kinga ngapi, na kikundi kikajua ni siku ngapi za kazi na miche kiasi gani ya vetiva, yale majani ya kushikilia udongo wa tuta, kabla ya mtu kutoka jasho.

Hata hivyo usichimbe kwa kufuata mstari wa kompyuta. Mwinuko unaouona hutokana na vipimo kama vile vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, Februari 2000, vyenye kipimo kimoja kwa kila mita 30 hivi. Korongo la upana wa mita mbili halimo humo, wala kichuguu, wala tuta la zamani. Karatasi inakuambia ni sehemu gani ya kilima na kinga ngapi. Mstari wenyewe unapimwa kwa fremu A, ile ya miti mitatu na kamba yenye jiwe, hatua kwa hatua, na vigingi vinachomekwa.

Kabla ya kuchapa, bonyeza herufi R ili picha itazame chini wima na kaskazini iwe juu. Picha iliyolala ubavu inapendeza kwenye kioo lakini haipimiki. Ondoa majina na alama zisizohitajika, weka kipimio cha umbali, mshale wa kaskazini, jina la bonde na tarehe ya picha. Kipimio kiwe ule mstari mdogo wenye mita, usiandike tu "1 kwa 2,000", kwa sababu mashine ya steshenari ikipunguza picha ili itoshe karatasi, mstari unapungua pamoja nayo na unabaki kusema kweli. Chapa kwa rangi kwenye A3, na uombe waongeze mwanga kidogo, maana kwenye karatasi picha hutoka nyeusi kuliko kwenye kioo. Kisha ifunikwe kwa plastiki. Kwa nini karatasi, wakati simu ipo? Kwa sababu mtandao mara nyingi unaishia barabarani, na kwa sababu watu kumi na wawili hawawezi kusogelea kioo kimoja cha simu juani.

Mara ya kwanza nilipotandaza karatasi kama hiyo chini ya mwembe, muda mrefu hakuna aliyegusa habari ya makinga maji. Walikuwa wanatafuta nyumba zao. Waacheni watafute, huko ndiko kujifunza kuisoma. Kisha mama mmoja akaweka kidole kwenye mstari mweupe uliotoka lamboni, ukapanda kilima, ukashuka hadi kichwa cha korongo. Mimi nilikuwa nimeshaandika kwamba ni kijito. Akasema, "Bwana shamba, hapa hapapiti maji ya mto. Hii ni njia tunayopitishia ng'ombe kwenda kunywa." Tukasimama, tukaenda kuiangalia. Kwato zilikuwa zimeichimba hadi magotini, na ndiyo iliyokuwa inakusanya maji ya kilima kizima na kuyamwaga sehemu moja. Hakuna kinga ya chini ambayo ingeyazuia maji hayo kabla ya njia ile kuhamishwa.

Jambo moja nalisisitiza: karatasi hii isitumike kuamua mipaka. Ukiona ukingo wa shamba kwenye picha, unaona tu pale mtu alipoishia kulima mwaka ule. Mipaka ni kazi ya majirani wanaopakana, serikali ya kijiji na taratibu za Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Na anayelinganisha namba za Google Earth na ramani za zamani za serikali ajue kwamba ramani hizo zilichorwa kwa mfumo wa zamani wa kupimia mahali uitwao Arc 1960, ambao hapa kwetu hupishana na wa Google Earth kwa karibu mita 300. Nimeshaona watu wawili wakianza kugombana kwa ajili ya tofauti hiyo.

Nendeni na karatasi hadi juu kabisa ya bonde, pamoja na wenye mashamba ya huko, na kinga ya kwanza ichorwe juu ya plastiki kwa kalamu ya wino mzito inayofutika. Chimbeni kutoka juu kushuka. Mvua ya kwanza ikishapita, rudini na karatasi ileile na kalamu nyekundu, muweke alama kila mahali maji yaliporuka tuta, udongo ukiwa bado umelowa na alama zake hazijafutika.