Mzee ameanza kusahau: namna ya kumsaidia ukiwa nyumbani

Nahudumia wazee majumbani hapa Dodoma, na familia nyingi hunipokea kwa neno moja: "Ni uzee tu." Wengine husema karogwa. Lakini huenda ni dimensia, ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Haina dawa ya kuiponya, lakini jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilieleza mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya dimensia duniani inahusishwa na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa. Mengi ya kufanya yako mikononi mwa familia.

Hatua ya 1: Uliza tatizo limeanza lini. Kama bibi alikuwa mzima wiki iliyopita na leo anaweweseka, mpeleke hospitali leo hii. Malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia na upungufu wa maji mwilini humchanganya mzee ghafla, na hutibika. Dimensia kwa kawaida huja polepole, kwa miezi na miaka.

Hatua ya 2: Masikio, macho, presha, sukari. Asiyesikia huachwa kusemeshwa, na ubongo usiosemeshwa hukosa kazi. Muuguzi amwangalie nta ya masikioni. Wewe usichokoe kwa njiti. Macho nayo yapimwe: wilayani Kongwa, trakoma (ugonjwa wa macho wa kuambukiza) imeharibu macho ya wengi, na mtoto wa jicho hutibika. Kliniki apimwe pia presha na sukari. Beba dawa zote anazotumia, hata Piriton ya dukani, maana kwa mzee inaweza kuongeza kuchanganyikiwa.

Hatua ya 3: Kikao cha kuchangamsha akili. Hapa ndipo naomba uweke nguvu. Tiba ya kuchangamsha akili ilibuniwa Uingereza, kisha ikarekebishwa kwa ajili ya wazee wa Wilaya ya Hai, Kilimanjaro: vikao 14 vya kikundi, mara mbili kwa wiki kwa wiki 7. Nyumbani huwezi kuifanya yote, ila unaweza kufuata mtindo wake.

Chagua asubuhi, akishakunywa uji. Jioni wengi huchanganyikiwa zaidi. Zima redio. Kaa mbele yake, usawa wa macho. Kama ni Mgogo, anza na salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi", kwa sababu lugha ya utotoni mara nyingi hudumu kuliko zote. Taja siku na msimu, kisha imbeni wimbo anaoupenda, uwe huohuo kila kikao.

Sasa mpe kitu mkononi. Mimi hupenda ungo wenye uwele na mtama vilivyochanganyika. Mwache ashike, anuse, achambue. Usimuulize "Hii ni nini?" wala "Unanikumbuka?" Huo ni mtihani, na akishindwa ataona aibu na kunyamaza. Muombe maoni: "Bibi, ugali wa kula na mlenda unanoga kwa unga upi?" Hapo hakuna jibu la kukosea. Akisema mama yake yuko jikoni, usibishane naye. Mwambie akusimulie mama alivyokuwa akipika. Dakika 45 zinatosha, na akichoka mapema, acheni.

Hatua ya 4: Mwili. Atembee kila siku kabla jua halijawa kali. Aache tumbaku, apunguze pombe, asikae kwenye moshi wa kuni.

Hatua ya 5: Wewe unayemlea. Usibebe peke yako. Wapangieni zamu kaka, dada na wajukuu. Kwenye daftari moja, kila mmoja aandike alivyolala mzee, alivyokula na kilichomkasirisha. Siku ya kliniki mpe daktari daftari hilo kabla hajaanza kuuliza.